Debora ni nyuki kweli, msimfiche mtoto

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Binti yangu anaitwa Debora, ana miaka 9, juzi karudi kanisani amenuna hata chakula hataki, kumbembeleza sana ndo ananiambia mwalimu wao kawapa maana za majina, wenzie wamepata neema na amani, yeye kaambiwa nyuki, basi njia nzima wanamwita mdudu. Mzee mmoja pale akataka kumfariji, akamwambia hapana, Debora ni hakimu.

Hakimu ilikuwa kazi ya Debora wa kwenye Biblia jamani, jina ni nyuki. Kiebrania ni devora, na ni neno lilelile kwenye habari za Samsoni alipokuta nyuki na asali ndani ya mzoga wa simba, na Kumbukumbu la Torati 1:44 Waamori wanawafukuza Waisraeli kama nyuki. Hata kabla yake kulikuwa na Debora mwingine, mlezi wa Rebeka, alivyokufa wakamzika chini ya mwaloni na mti wenyewe ukaitwa mwaloni wa kilio.

Mimi nimekulia kwenye mizinga, babu alikuwa anatundika ya magome huko miomboni, tunaenda usiku na moshi, ukikosea kidogo tu wanakuandama mpaka unaacha ndala, na wale wanaouma wote ni majike, dume hana mwiba kabisa. Kwa hiyo nikisoma Waamuzi sura ya 4, mama amekaa chini ya mtende kati ya Rama na Betheli watu wanampelekea kesi zao, Sisera, jemadari wa maadui, ana magari 900 ya chuma na Baraka, kiongozi wa jeshi la Israeli, anamwambia bila wewe siendi vitani, mimi naona jina limemkaa sawasawa.

Na huyo Baraka, watu wengi hawajui, siyo baraka hii tunayoombea chakula, Kiebrania ni umeme wa radi, herufi ya mwisho ni nyingine ila sisi kwa Kiswahili tunaandika sawa. Raheli ni kondoo jike. Yaeli aliyempa Sisera maziwa kisha akampigilia kigingi ni mbuzi wa mwitu, wale wa milimani.

Walimu wetu naombeni, mkishasema nyuki msiishie hapo, wafungulieni watoto na hiyo sura waisikie. Mimi jana nimemwekea wangu asali kwenye kisahani nikamsomea yote mpaka mwisho, akalamba kidole, akaniuliza baba, na Yaeli wenzie walikuwa wanamcheka?

Baba Debora,
Tabora