Haya maji ya fedha, nani ameyapima?

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wa redaksio. Naandika juu ya lile tangazo la maji ya fedha (fedha ile ya madini, siyo pesa) mnalotia chini ya ukurasa wa michezo, ati yanaponyesha tifoidi, vidonda vya tumbo, sukari na hata mafua, kisha wameongeza kwamba yanaua mikrobu tu, mutu hayamugusi. Hiyo ya mwisho njo imenikasirisha, juu mimi nafundisha biolojia hapa Kadutu na wanafunzi wananiletea gazeti lenu kama ushahidi.

Niseme haki kwanza, fedha inaua mikrobu kweli, hata ile pomadi nyeupe wanapaka watu walioungua moto iko na fedha ndani. Lakini kupaka kidonda na kunywa kijiko asubuhi na jioni si kitu kimoja. Na wanachouza ni chembe za nano, maana yake kati ya nanometa 1 na 100, wakati unywele mmoja wa kichwa chako uko na unene wa karibu nanometa 80,000, hesabu mwenyewe.

Chembe ndogo vile, seli inaimeza. Mwaka 2009 watafiti wa Singapore walichukua seli za mapafu ya mutu na seli za kansa ya ubongo, wakazitilia chembe za fedha, walipoangalia na mikroskopu ya elektroni wakakuta zimefika mpaka ndani ya kiini, kwenye ADN inakaa, ile wengine wanaita DNA, yenye kubeba urithi. Na kiini si pahali pa ovyo, mule karibu meta 2 za ADN zimekunjwa ndani ya kromosomu 46, kila kitu kwa mpango. Wakaona ADN imekatika, seli zingine zimesimama zimeshindwa kugawanyika, na zingine ziko na viini vidogovidogo pembeni ya kile kikubwa, hivi vinatokea kama kipande cha kromosomu kimeachwa nyuma wakati seli inagawanyika.

Inatendeka hivi: chembe ikishaingia inaachilia ayoni za fedha, yaani atomu zenye chaji ya umeme, polepole huko ndani, sawa mutu anayevusha mali Ruzizi chini ya gunia la mihogo na anaifungulia ng'ambo. Ayoni zinashikana na protini zenye salfa, seli inajaa oksijeni ile kali, nayo inapiga ADN. Uswidi 2014 walilinganisha ukubwa mbalimbali kwa seli za mapafu, ni chembe za nanometa 10 tu ziliua seli, lakini ADN iliharibika kwa ukubwa wote waliojaribu! Yaani seli inaonekana nzima kabisa kumbe ndani imeshaguswa, na hakuna homa wala maumivu ya kukuambia.

Najua mwenye tangazo atajibu kwamba hizo ni seli za labo, siyo mutu anayetembea Nyawera. Sawa, na dozi inabadilisha mambo yote, mimi sisemi kijiko kimoja kitakuletea kansa. Lakini dozi yenyewe ni ngapi? Kwenye chupa kuna bei na namba ya simu, basi. Wanaokunywa fedha muda mrefu, ngozi inaweza kugeuka rangi ya bluu na majivu na hairudi tena, hiyo waganga wanaijua tangu zamani, na Marekani ile ofisi yao ya dawa ilikata tangu 1999 kwamba dawa hizi za fedha zinazouzwa bila ordonansi ya daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa zinaponyesha. Sisi huku tunaziuziwa kwenye mlango wa kanisa.

Ninachoomba: kabla ya kupokea tena pesa ya tangazo hilo, mumuulize mwenyewe chembe zake ziko za nanometa ngapi, miligramu ngapi kwa lita, na labo gani imepima. Akijibu, muchapishe majibu yake palepale kando ya bei. Asipojibu, ile nafasi mupatie matokeo ya timu zetu, juu siku hizi munayakata nusu.

Mwalimu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu