Mafuta ya samaki kwa mbwa anayejikuna: kopo moja halitoshi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wafugaji wa mbwa hapa Lubumbashi, hasa wale ambao mbwa wao hujikuna mwaka mzima, hulamba nyayo usiku kucha, na masikio yao hunuka tena kila baada ya wiki chache. Siku hizi mwenye mbwa wa namna hiyo akiingia farmasi anauziwa mafuta ya samaki, na maelezo anayopewa ni maneno manne: kidonge kimoja kila siku. Maneno hayo manne ndiyo yamewafanya wengi waseme kwamba mafuta hayo ni udanganyifu. Si udanganyifu. Yanatolewa kidogo mno, yanaachwa mapema mno, na mara nyingine yaliyonunuliwa siyo yaliyohitajika.

Samaki wa baharini wenye mafuta wana asidi mbili za omega-3 zenye faida kwa ngozi, EPA na DHA. Ngozi ya mbwa mwenye mzio huwaka kwa sababu mwili wake unaona vumbi, chavua ya majani au utitiri wa nyumbani kuwa adui. Katika kuwaka huko, seli huchukua mafuta mengine, asidi ya arakidoniki, na kuyageuza kuwa kemikali zinazoleta wekundu, uvimbe na mwasho. EPA ikiwepo ya kutosha huingia katika utando wa seli, hugombania vimeng'enya vilevile, na kemikali zinazotoka huwa na ukali mdogo zaidi. Kwa hiyo haiwezi kufanya kazi kwa siku tatu kama sindano. Utando wa seli hubadilika polepole. Nafuu huanza kuonekana karibu wiki ya nane, na si haki kuyahukumu mafuta kabla ya wiki ya kumi na mbili.

Sasa tuhesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Kapsuli ya kawaida imeandikwa mbele ya kopo kwa herufi kubwa: 1000 mg. Hiyo ni uzito wa mafuta yote, siyo wa dawa tunayoitafuta. Geuza kopo, soma nyuma kwa herufi ndogo. Mara nyingi utakuta EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120, jumla 300. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika. Kwa ngozi yenye mzio, mbwa wa kilo 5 anahitaji karibu miligramu 400 za EPA na DHA kwa siku, wa kilo 10 karibu 700, wa kilo 20 karibu 1,200, wa kilo 30 karibu 1,600, na wa kilo 40 karibu 2,000. Utaona kwamba uzito ukiongezeka maradufu dozi haiongezeki maradufu, kwa sababu mwili mdogo huchoma chakula kwa kasi zaidi kwa kila kilo. Asiye na mizani ya mifugo ambebe mbwa, apande mizani ya watu, kisha atoe uzito wake mwenyewe.

Mbwa mlinzi wa kilo 30 akipewa kapsuli moja ya kawaida kwa siku anapata chini ya sehemu moja kati ya tano ya anachohitaji. Angepaswa kupata tano. Kopo la kapsuli 60 litamtosha siku 12. Wiki kumi na mbili ni siku 84, yaani kapsuli 420, makopo saba. Ndiyo maana tunasema kopo moja halitoshi: anayenunua moja, akalimaliza na kusema "hakuna kitu," hajayajaribu mafuta hayo bado. Na asiyeweza kugharamia makopo saba ni afadhali ajue mapema, atumie fedha hiyo kwa dawa ya viroboto na sabuni ya ngozi, kuliko kuanza na kuachia njiani.

Kuna kapsuli nzito zaidi, zenye miligramu 500 au 600 za EPA na DHA kila moja. Kopo lake ni ghali ukilitazama dukani, lakini usilinganishe bei ya kopo kwa kopo. Zidisha idadi ya kapsuli kwa EPA na DHA zilizomo, ndipo ulinganishe. Kapsuli 60 za miligramu 300 ni miligramu 18,000. Kapsuli 60 za miligramu 600 ni 36,000. Kopo la pili likiuzwa kwa bei ya moja na nusu ya lile la kwanza, bado ndilo nafuu, na mbwa anameza kapsuli tatu badala ya tano.

Kosa linalotutia wasiwasi zaidi ni la mafuta ya ini. Lebo nyingi hapa kwetu zimeandikwa Kifaransa, basi litazameni neno moja: foie. "Huile de poisson" ni mafuta ya mwili wa samaki, ndiyo tunayoyataka. "Huile de foie de morue" ni mafuta ya ini, na ini ni ghala la vitamini A na D. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ini ya kawaida kinaweza kuwa na yuniti 4,500 za vitamini A na 450 za vitamini D. Mtu akiongeza vijiko ili kuifikia dozi ya ngozi, huku mbwa anakula pia chakula cha dukani kilichokwisha kutiwa vitamini, vitamini D inalundikana mwilini, kalsiamu inapanda katika damu, na figo zinaumia. Mbwa anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakosa hamu ya kula, anatapika, na mwenyewe hafikirii kabisa kwamba chanzo ni ile chupa ya "vitamini nzuri." Vilevile epukeni mafuta ya watoto yenye ladha ya limau au machungwa kama yametiwa utamu wa xylitol. Kwa mtoto ni utamu tu. Kwa mbwa ni sumu inayoshusha sukari ya damu ghafla na kuweza kuharibu ini.

Wengine hutuuliza kama mafuta ya mawese, ya soya au ya alizeti hayawezi kushika nafasi hiyo kwa bei ya sokoni. Hayawezi. Mawese na alizeti hazina omega-3 ya kutegemewa. Soya inayo kidogo, lakini ya namna ya mimea, na mwili wa mbwa hugeuza sehemu ndogo sana tu ya hiyo kuwa EPA. Manyoya yanaweza kung'aa na mwasho ukabaki palepale.

Samaki wenyewe ni njia nzuri kwa mbwa mdogo. Gramu 100 za sardini za kopo, zikishachujwa, huwa na karibu miligramu 1,000 za EPA na DHA. Chagua zisizo na pilipili wala mchuzi wenye kitunguu, kwani kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Tomson anayeletwa amegandishwa kutoka Namibia naye ni samaki wa bahari na anafaa: mchemshe bila chumvi, mwondoe miiba yote, usimkaange. Ila kiasi cha mafuta mwilini mwa samaki hubadilika kufuata msimu, kwa hiyo huwezi kuhesabu dozi kamili kama kwa kapsuli. Ndakala, yaani dagaa, waliokaushwa juani ni protini nzuri, lakini jua na hewa vimekwisha kuharibu mafuta yao, na mara nyingi wana chumvi. Tusiwahesabu kuwa dawa ya ngozi.

Kabla ya kutoa hata kapsuli ya kwanza, hakikisha ni mzio kweli. Mzio wa mazingira mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3, na hupenda nyayo, masikio, makwapa, tumbo na kuzunguka macho. Mwasho ukiwa mgongoni karibu na mkia, tafuta viroboto. Pitisha kitana chenye meno membamba, kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu ya kahawia, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, na viroboto wapo hata kama hujamwona mmoja. Hapo tibu wanyama wote wa nyumba kwa miezi mitatu mfululizo, na ufue matandiko wanapolala, kwa kuwa mayai mengi yako huko, siyo kwenye mbwa. Ukingo wa masikio na viwiko vikiwa na magamba, na watu wa nyumbani nao wana vipele vinavyowasha, huo yaelekea ni upele wa utitiri. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole: mguu wa nyuma ukianza kukuna wenyewe, usichelewe. Utitiri huo mara nyingi hauonekani hata ngozi ikikwanguliwa na kutazamwa kwa darubini, hivyo daktari anaweza kuanza tiba bila kuuona, na anafanya sawa.

Na tafadhali, watu waache kumpaka mbwa mafuta machafu ya motokari. Yanachoma ngozi, mbwa anayalamba, na sumu yake inapita tumboni na ngozini pia. Mji wenye kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi hauna sababu ya kutibu upele kwa mafuta ya gereji.

Jambo jingine la hapa kwetu: mbwa wengi hula bukari (ugali) ya mahindi peke yake, siku zote. Mahindi yana fiteti, ambayo hushika zinki na kuizuia isiingie mwilini. Mbwa kama huyo hupata magamba magumu kuzunguka macho na mdomo, na nyayo zake hupasuka. Wenyewe husema ni aleji. Mafuta ya samaki hayaondoi upungufu wa zinki; anahitaji nyama au samaki katika chakula chake, na daktari aamue kama anahitaji zinki ya ziada.

Ukishaamua kuanza, usimpe dozi nzima siku ya kwanza. Wiki ya kwanza mpe robo ya dozi, wiki ya pili nusu, wiki ya tatu robo tatu, wiki ya nne dozi nzima, daima pamoja na chakula. Akiharisha, rudi hatua moja, ukae hapo wiki moja. Usimwage mafuta juu ya bukari inayotoka motoni. Ngoja iwe vuguvugu. Usiweke kopo karibu na mbabula (jiko la makaa) wala dirishani, na Septemba na Oktoba, joto likizidi, liweke kwenye friji kama umeme unakaa. Nunua makopo madogo. Kila ukifungua jipya, toboa kapsuli moja unuse. Harufu ya samaki ni sawa. Harufu ya rangi ya kupaka ukuta au ya mafuta ya kukaangia yaliyolala maana yake yamechacha: tupa. Mafuta yaliyochacha huleta kuwaka kulekule tunakokupinga na hula vitamini E ya mwili.

Kila Jumapili andika mwasho kwa alama, sifuri hadi kumi, na upige picha ya nyayo na tumbo mahali palepale. Bila hayo, wiki ya kumi na mbili hutakumbuka mbwa alikuwaje. Kama mwasho wake huja na mvua za Novemba na kupungua kiangazi, anza mwishoni mwa Agosti ili mafuta yawe yamekwisha kukaa mwilini. Endelea kumwogesha kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, povu likae dakika kumi kabla ya kusuuza. Sabuni ya kufulia inakausha ngozi. Sikio linalonuka au ngozi yenye usaha inahitaji tiba ya bakteria au fangasi, si mafuta.

Mbwa aliye kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza mwasho, asikatishwe dawa hiyo ghafla kwa sababu ameanza mafuta. Faida kubwa ya mafuta haya, tunavyoiona sisi, ni hiyo hasa: mwezi wa pili ukiisha, daktari mara nyingi anaweza kupunguza prednisoloni hatua kwa hatua. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe bila ruhusa ya daktari. Anayesubiri upasuaji, hata wa kuhasiwa, daktari aambiwe mapema, maana mafuta haya yakiwa mengi hupunguza kuganda kwa damu. Na kwa mbwa wa kilo 20, jumla ya EPA na DHA kutoka kapsuli na chakula isipite miligramu 3,500 kwa siku. Kwa wa kilo 10, isipite 2,000.

Tunawaomba wenye farmasi jambo moja. Mtu akija kununua mafuta ya samaki kwa ajili ya mbwa, mwulizeni uzito wa mbwa kabla ya kupokea fedha, kisha mwandikieni juu ya kopo kwa kalamu: kapsuli ngapi kwa siku, na kopo hili litaisha baada ya siku ngapi.

Wahudumu wa afya ya wanyama,
Kampemba, Lubumbashi