Wanangu mnaoenda kusoma nje, pimeni presha kabla hamjapanda ndege

Wanangu wa Moshi na Arusha mnaosubiri viza, marahaba. Mimi ni nesi mstaafu, na kila ikifika mwezi wa nane naona mnavyohangaika na masweta na unga wa kubeba lakini hamna anaeuliza kuhusu moyo, kwahiyo leo nasema.

Mkifika huko moyo na mishipa vinaanza kuzoea maisha mapya, hiyo ni kawaida kabisa. Baridi kwanza. Nyie mnalalamika baridi ya mwezi wa saba hapa, sasa anaeenda Harbin kule China mwezi wa kwanza atakutana na hasi 20, mishipa ya ngozini inabana ili joto lisipotee, damu inapita kwa shida na presha inapanda, ndo maana hata wenyeji wa nchi za baridi presha zao zinakuwa juu kidogo kipindi hicho. Halafu upweke, lugha ngeni, mitihani, vyote vinaamsha adrenalini, ile homoni ya mshtuko, na moyo unaenda mbio hata ukiwa umelala kitandani.

Binti mmoja wa hapa Kiborloni alinipigia usiku toka Uturuki analia, mama moyo unataka kutoka, nikamuuliza unalala masaa mangapi na unakula nini, kumbe analala masaa manne, enaji kopo tatu kwa siku, na tambi za paketi asubuhi na jioni. Jamani zipo tambi ambazo paketi moja na kiungo chake chote inakaribia chumvi ya siku nzima, WHO, shirika la afya duniani, wanasema chumvi ya siku isifike gramu 5! Nikamwambia acha enaji, lala, kesho nenda kliniki ya chuo. Akaenda, daktari akamuuliza presha yako ya kawaida ni ngapi, hajui, hajawahi kupima maisha yake yote. Sasa pale amepimwa namba ya juu ya presha ni 138, daktari atajuaje kama ni ugeni au alitoka nayo nyumbani?

Ndo ombi langu hilo. Pimeni hapa, siku tatu, asubuhi na jioni, kaa kimya dakika tano, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, andika. Nzuri ni chini ya 120/80, ikijirudia 140/90 muone daktari kabla ya safari. Mapigo pia, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, hesabu sekunde 60, ukiwa umetulia yawe kati ya 60 na 100, wanamichezo huwa chini ya hapo.

Ndani ya ndege inukeni mtembee. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kuuma baada ya safari ndefu, au kifua kubana, kuzimia, kukosa pumzi, hiyo sio kuzoea, ni hospitali siku hiyohiyo, bima mmelipia itumieni. Na msiache kutembea, hapa mnapanda Kibosho kwa miguu bila kujua ni mazoezi, kule ni lifti na treni tu.

Mlio Arusha nendeni duka la dawa lenye mashine. Wa mtaani kwangu mashine ipo mezani, njooni saa kumi jioni mkiwa hamjanywa kahawa wala enaji, na kila mtu aje na daftari lake.