Msianze Star Trek kwa filamu ya 1979

Mhariri,

Ukurasa wako wa burudani umewashauri wasomaji wanaotaka kuijua Star Trek, hadithi ya Kimarekani ya safari za angani, waanze na filamu ya kwanza, ile ya 1979, kisha washuke nazo mwaka baada ya mwaka mpaka ya 2016. Sisi mashabiki wa Malindi si wengi, lakini tupo, na tunaomba nafasi tupinge. Mpangilio huo ni mzuri kwenye karatasi. Usiku wa kwanza tu utawalaza watu.

Filamu ya 1979 ina dakika 132. Ndani yake kuna dakika kadhaa ambazo nahodha Kirk na Scotty, fundi wake wa mitambo, wanaizunguka meli yao ya angani, Enterprise, ikiwa gatini, wamo katika kijichombo kidogo, hawasemi kitu, ni muziki tu. Aliyeipenda meli hiyo tangu kipindi chake cha televisheni kilipokatwa 1969 alikuwa ameingoja miaka 10, na kwake kila bati la ubavu wake ni karamu. Asiyeijua anaona hori linazunguka jahazi, na anauliza vita vinaanza saa ngapi.

Ambalo ukurasa wako haukulisema ni kwamba filamu hizi, 13 zilizopelekwa kwenye majumba ya sinema, ni watoto wa kipindi cha televisheni, na kadhaa kati ya zilizo bora zina mzazi wa kutajwa kwa jina: sehemu fulani, ya dakika 50 hivi, ambayo ukiitazama kwanza filamu inafunguka. Usipoitazama, unaona watu wazima wanaliliana na hujui kisa.

Chukueni filamu ya pili, The Wrath of Khan ya 1982. Mzazi wake ni Space Seed ya Februari 1967, msimu wa 1, sehemu ya 22. Itafuteni kwa jina, si kwa namba, kwa sababu ziko nakala zinazoiweka The Cage, ile sehemu ya majaribio iliyokataliwa, mwanzoni mwa msimu, na hapo namba zote zinasogea moja. Katika Space Seed, Kirk anakuta merikebu kuukuu inaelea angani, ndani yake wamelazwa watu usingizi mrefu tangu miaka ya 1990. Mkubwa wao, Khan, akiamshwa anajaribu kumpora Kirk meli yake. Akishindwa hafungwi jela; anapewa sayari ya pori yeye na watu wake wakaifanye nchi. Spock, msaidizi wa Kirk mwenye masikio yaliyochongoka, anasema ingependeza kurudi baada ya miaka 100 kuona mbegu hiyo imezaa nini. Walirudi baada ya 15, na mwigizaji ni yuleyule, Ricardo Montalbán. Dakika 50 za Space Seed na 113 za filamu ni saa mbili na dakika 43. Mkianza saa mbili usiku, watu wakishatoka Isha, mtamaliza saa tano haijagonga.

Hapo pia mgeni atapata kuonja raha ya mashabiki, ambayo nusu yake ni kuvizia makosa. Katika filamu, Khan anamtazama Chekov, mmoja wa maafisa wa Kirk wa zamani, na kumtambua, anasema sura hasahau. Lakini Chekov aliingia kwenye kipindi msimu wa 2, na Space Seed ni ya msimu wa 1, wangekutana wapi? Jawabu la upole ni kwamba alikuwamo melini, ila kamera haikumfikia. La mizaha ni kwamba alikuwa amejifungia chooni na Khan yuko mlangoni anasubiri zamu. Kisa cha namna hiyo ni vipaji vya uso vya Klingon, taifa la sayari nyingine lenye uadui na kina Kirk. Miaka ya 1960 nyuso zao zilikuwa laini kama zetu, kwa kuwa fedha za vipodozi hazikutosha. Kuanzia 1979 wana matuta kwenye paji la uso. Mwaka 1996, katika kipindi kingine cha Star Trek, Deep Space Nine, Worf, ambaye ni Klingon, anaulizwa mbona Klingon wa kale hawafanani naye, naye anajibu kwamba hilo hawalizungumzi mbele ya wageni. Mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa jibu hilo: mambo ya ndani hayatolewi nje. Mwaka 2005 kipindi kingine, kilichoitwa Enterprise kama meli, kikatoa maelezo kamili, kwamba ulikuwa ugonjwa wa virusi. Kwa maoni yetu la Worf lilitosha.

Ombi moja kwa ma-DJ wanaosimulia filamu kwa Kiswahili kwenye kumbi za video: The Wrath of Khan iacheni dakika zake za mwisho. Kuna viganja viwili kwenye kioo kimoja, kila kimoja upande wake, na kimoja vidole vyake vimegawanyika viwili viwili. Salamu hiyo ya Vulcan, watu wa sayari ya Spock, ilionekana mara ya kwanza katika sehemu ya Amok Time, 1967, na Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock, aliitoa kwenye baraka za makuhani wa Kiyahudi alizoziona utotoni. Sauti ya DJ ikiingia hapo, mmetia maji kwenye pakacha.

Filamu ya tatu (1984) na ya nne (1986) zinaendeleza kisa hichohicho, kwa hiyo msizitenganishe. Hata hivyo, kama lazima mchague moja ya kuwavutia wasioijua Star Trek kabisa, na hasa hapa Malindi, chagueni ya nne, The Voyage Home. Kisa chake ni nyangumi wenye nundu: karne ya 23 wamekwisha baharini, linatokea dude angani linalowaita, hakuna wa kuliitikia, na Kirk anarudi San Francisco ya 1986 kuwatafuta wawili. Nyangumi haohao hupita maji yetu kati ya Julai na Septemba wakija kuzaa kwenye joto, na wavuvi wa Malindi na Watamu huwaona wakiruka. Ionyesheni miezi hiyo. Haina vita, na inachekesha bila kuhitaji elimu: Scotty anapewa kompyuta ya zama hizo, anaizungumzisha, haijibu, anaelekezwa kipanya, anakinyanyua, anakisogeza mdomoni na kukisalimia kwa adabu. Hiyo DJ aisimulie apendavyo.

Sasa ufundi, maana ukichanganya kipindi na filamu usiku mmoja kuna mambo yatakayokuharibikia. La kwanza ni umbo la picha. Kipindi cha 1966 na kile cha 1987, The Next Generation, vilipigwa kwa umbo la televisheni za zamani, 4 kwa 3. Filamu ni pana, kama 2.39 kwa 1. Kwenye shuka la upana wa mita 3 na projekta ya 16 kwa 9, sehemu ya kipindi inachukua kama mita 2.25 katikati na kuacha giza pembeni. Filamu inajaza upana wote lakini kimo chake ni mita 1.25 tu. Mtu akiona lile giza anashika rimoti na kuvuta picha ijae. Matokeo yake Kirk ananenepa, masikio ya Spock yanalala kama ya mbuzi. Acheni giza lilivyo.

La pili ni sauti. Nakala nyingi za filamu zina sauti za spika sita, na maneno yamewekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Ukizicheza kwa spika mbili na sabufa bila kubadili mpangilio, milipuko inatikisa madirisha na Spock hasikiki. Ingieni kwenye mpangilio wa sauti wa programu mnayotumia, mchague stereo, ili maneno yagawanywe kulia na kushoto.

La tatu ndilo linalowatesa watu zaidi: maandishi ya tafsiri yanayokimbiana na picha. Filamu za Marekani huenda picha 23.976 kwa sekunde. Nakala zilizotayarishwa kwa televisheni za Ulaya huenda 25, yaani kasi zaidi kwa takriban asilimia 4. Filamu ya dakika 113 inakuwa ya dakika 108 na nusu hivi. Mkiweka maandishi ya moja juu ya picha ya nyingine, mwanzoni yanapatana na mwishoni yameachana karibu dakika 5. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, watu hubonyeza G na H kuyasogeza. Yanapatana kidogo, kisha yanaachana tena, kwa sababu tatizo ni mwendo, si mahali pa kuanzia. Kabla ya wageni kufika, fungueni faili la maandishi, msome saa ya mstari wa mwisho, mlinganishe na dakika ambayo maneno ya mwisho yanasemwa kwenye filamu. Hayalingani, tafuteni faili jingine.

Kama mnaonyesha uani, ukuta uliopakwa chokaa unashinda shuka. Chokaa haing'ai, na haijazwi na upepo. Shuka msimu wa kusi linakuwa tanga, nyuso zinavimba na kusinyaa. Lazima litiwe boriti chini na kufungwa pembe zote nne. Na stima ikikatika, taa ya projekta inabaki na moto wake huku feni imekufa. Stima ikirudi, msiiwashe papo hapo. Ngojeni kama dakika 10 ipoe, la sivyo mtanunua taa, na taa si rahisi.

Turudi kwenye filamu. First Contact ya 1996, dakika 111, mzazi wake ni The Best of Both Worlds, sehemu mbili: ya kwanza ilifunga msimu wa 3 wa The Next Generation mnamo Juni 1990, ya pili ikafungua msimu wa 4 mnamo Septemba. Waliotazama wakati ule walikaa kiangazi kizima hawajui kama Picard, nahodha wa kipindi hicho, aliyetekwa na Borg, viumbe nusu watu nusu mashine, na kufanywa msemaji wao, ataokolewa au atalipuliwa na watu wake mwenyewe. Msiwanyime wageni kionjo hicho. Baada ya sehemu ya kwanza zimeni, leteni kahawa na kashata, wagombane kidogo. Kisha malizieni ya pili, na mwongeze sehemu inayoifuata, Family, ambayo wengi huiruka kwa sababu hakuna hata risasi moja. Picard amerudi kwa kaka yake Ufaransa, wanapigana kwenye shamba la mizabibu, wanaanguka topeni, wanacheka, halafu analia. Usiku wa pili, ndani ya filamu, nahodha huyohuyo mpole anavunja kabati la kioo lenye vielelezo vya meli zake kwa hasira. Aliyeona lile tope anaelewa. Asiyeliona anadhani mzee amelewa.

Zilizobaki haziko sawa. Ya tano, ya 1989, irukeni. Ya sita, ya 1991, ni nzuri sana. Itangulizeni kwa Errand of Mercy ya 1967, ili mjue uadui na Klingon ulivyoanza, na iwe baada ya filamu ya tatu, kwa sababu ambayo hatuitoboi. Ni kisa cha maadui wa zamani kutafuta amani, na ilitoka Desemba ileile Muungano wa Kisovieti ulipovunjwa. Mashabiki wana kanuni yao ya siku nyingi, kwamba za shufwa ni nzuri na za witiri ni mbovu. Ilishika mpaka ya 10, ya 2002, ilipoharibika, na ya 11, ya 2009, ikapendwa. Hiyo ya 2009 inaanza upya kwa njia nyingine ya wakati, kwa hiyo asiye na subira anaweza kuingilia hapo.

Ni katika filamu hiyo pia ndipo jina la kwanza la Uhura, afisa wa mawasiliano wa meli ya Kirk, lilipotamkwa kwenye skrini: Nyota. Lile la pili limetoka kwenye uhuru wetu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza katika kipindi cha kwanza, alikwenda kwenye usaili na kitabu chenye jina hilo, nalo likalainishwa liwe la kike kwa kugeuza herufi ya mwisho. Kwa Kiswahili neno halivai kanga wala kikoi, na u ikigeuka a hakuna kilichokuwa cha kike, lakini tumelizoea. Na huku kwetu, Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, ilirushwa setilaiti Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Haina uhusiano na Uhura, ila msitarajie shabiki wa Malindi aache kuitaja.

Kiswahili kimo tangu usiku wa kwanza kabisa, Septemba 8, 1966: katika The Man Trap, kiumbe kinachobadili sura kinamjia Uhura kama baharia na kumsemesha kwa lugha yake. Matamshi ni ya kigeni, na ukumbi wa hapa utacheka, waacheni wacheke. Muhimu zaidi ni The Changeling ya Septemba 1967, msimu wa 2. Mtambo wa kale uitwao Nomad unamfutia Uhura kumbukumbu zote. Muuguzi Chapel anamfundisha kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza, na Uhura akikasirika, kinachomtoka ni Kiswahili.

Nomad ni chombo kilichotumwa na binadamu zamani, kikapata ajali, kikabadilika, na sasa kinadhani Kirk ndiye aliyekiunda. Huyo ndiye mzazi wa filamu ya 1979, ile mliyoshauri iwe ya kwanza. Iwekeni mwishoni, usiku mmoja na The Changeling. Likipatikana toleo la mkurugenzi la 2001, dakika 136, chukueni hilo. Kirk na Scotty watakapoanza kuizunguka meli, zimeni taa ya uani na DJ apumzike.

Mashabiki wa Star Trek,
Malindi