Barua kwa Mwanangu: Usikose Kipimo cha Pili

Binti yangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba, kwa kuwa uvimbe wa mguu umekwisha na unahamia Nakuru kuanza kazi, huoni haja ya kupimwa damu tena. Ninakusihi usifanye hivyo. Mguu kupona hakutuelezi kwa nini damu iliganda ndani ya msichana mwenye umri wako.

Kingamwili zilizoonekana katika kipimo cha kwanza huweza kuzuka kwa muda baada ya maambukizi, kisha zikatoweka. Ndiyo maana daktari hathibitishi ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao kingamwili hizo huifanya damu igande ovyo mwilini, mpaka damu ipimwe upya baada ya wiki 12 au zaidi. Umefaulu masomo magumu kuliko haya, nasi tunajivunia. Kwa nini hili ulipuuze?

Wala usiache warfarini, dawa yako ya kuzuia damu kuganda, kwa hiari yako ili upimwe bila dawa mwilini. Ni kweli kwamba dawa hiyo huweza kuvuruga kile kipimo cha muda wa damu kuganda kinachotumia sumu ya nyoka aina ya kipiri iliyozimuliwa, lakini vile vingine viwili, vya kingamwili za kadiolipini na za beta-2 glaikoprotini, haviathiriki. Mweleze mhudumu wa maabara unachotumia, daktari aamue. Katika miaka yangu ya maabara nilipokea chupa nyingi za kifuniko cha buluu ambazo hazikujazwa hadi alama, ilhali damu inapaswa kuwa sehemu 9 kwa 1 ya sitreti, kemikali inayozuia damu isigande chupani. Ukiona yako imejaa nusu, sema, usione haya.

Najua utayasoma majibu kabla ya daktari, kwa kuwa subira huna. Ukikuta imeandikwa kwamba damu yako ilichelewa kuganda, usidhani umepona: kingamwili hizi huchelewesha damu ndani ya chupa, lakini mwilini huigandisha. Ugonjwa huu huweza pia kuharibu mimba: shangazi yako alipoteza mimba moja baada ya nyingine bila damu yake kupimwa hata mara moja. Na kwa kuwa warfarini humdhuru mtoto tumboni, siku ukitaka kuzaa mwone daktari kwanza. Mengine mama yako atakueleza.

Fedha za maziwa nimeziweka kando kwa ajili ya kipimo hicho, kwa hiyo usiguse mshahara wako. Mama anakufungia mboga za kunde na saga. Kula kwa kiasi kile kile ulichozoea, kwani mboga za majani zikizidi ghafla hupunguza nguvu ya warfarini. Nijulishe tarehe utakayopewa kabla hujasafiri.

Baba yako,
Kakamega