Mwanangu, Tanga sio reli na mkonge tu

Mwanangu, salaam nyingi.

Meseji yako ya juzi nimeiona nikasema hii siijibu kwa mistari miwili, nakaa niandike. Unasema umepewa kazi ya historia ya Tanga, umetafuta huko intaneti umekuta Mjerumani, reli, mkonge na vita ya nyuki ya 1914, mwanamke hata wa dawa hakuna. Nimecheka, maana na sisi ndo tulivyosomeshwa hivyo hivyo.

Basi anza na Shakila. Shakila binti Said, mtoto wa Pangani hapo jirani, kaja mjini kaimba na bendi ya Black Star, kisha Lucky Star, na wewe usiandike "aliimba taarabu" ukaishia hapo. Taarabu ya Unguja ilikuwa ya fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, watu wamekaa kwenye viti wametulia, vijana wa Tanga wakatia gitaa la umeme na besi, mdundo ukawa wa kuchezeka, halafu juu yake ndo inapanda ile sauti. Baadae kahamia Dar akawa na bendi ya JKT, kafariki 2016.

Bibi yako alikuwa na redio ya betri, mfuniko wa nyuma kaufunga kwa mpira wa baiskeli. Ikipigwa Macho Yanacheka alikuwa anaacha kukuna nazi, kakaa juu ya mbuzi kifuu mkononi, hasemeshwi mpaka wimbo uishe. Mchuzi ukishika chini lawama zote za Shakila, yani mie nimekua najua Shakila ndo anayeunguza chakula chetu.

Halafu watakutajia Shaaban Robert, wetu wa Vibambani, kazaliwa 1909, sawa, mwandike. Ila waulize alikaa akaandika maisha ya nani? Ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Siti ni wa Unguja, usije ukamfanya wa Tanga wenyewe wakakujia juu, aliyemwandika ndo wetu. Na Shaaban huyo huyo binti yake mwenyewe, Mwanjaa, kamwandikia utenzi mzima wa kumuusia. Mie nakuandikia na simu yenye kioo kilichopasuka, nisamehe.

Wale kina mama wa mtaa wa Ngamiani hapa mjini waliolea watoto kwa vitumbua na maandazi hutawakuta kwenye kitabu chochote, hao inabidi uulize nyumba kwa nyumba, anzia barabara ya kwanza uendelee mpaka miguu ichoke.

Shangazi yako wa Makorora ana kanda za Lucky Star kazihifadhi ndani ya kopo la biskuti, hataki mtu aziguse. Redio kaseti yake ndo imekufa. Ukija likizo pita Kariakoo utafute hata iliyotumika, ila ijaribu kwanza hapo hapo dukani usije ukabebeshwa boksi tupu.

Mama yako