Gundi ya magome ya miwati tunaiachaje?

Mhariri, shikamoo. Mi ni fundi seremala Keko, siku hizi mbao ngumu bei haishikiki so wateja wanataka makabati ya MDF na chipibodi tu (bodi za unga na vipande vya mbao vilivyoshikwa kwa gundi), sasa ukiipitisha kwenye msumeno ile vumbi inawasha macho balaa, juzi dogo wangu katoka nje analia kama kakata vitunguu. Ile ni fomaldehaidi, kemikali ya kwenye gundi ya bodi, na toka 2004 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka kwenye vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu.

Kinachoniuma, Njombe tuna mashamba ya miti ya miwati miaka mingi, magome yanachemshwa inatoka tanini, dawa ya kutengenezea ngozi. Afrika Kusini hiyohiyo tanini wanagundishia chipibodi tangu miaka ya 70! Inachukua nafasi ya sehemu ya gundi ya kemikali, sio yote, fomaldehaidi kidogo bado inatiwa ili ishike, ila maji inayavumilia kuliko gundi ya yurea, ile ya kawaida ya kwenye bodi (maji ya sinki la jikoni yakiimwagikia tu bodi inavimba kama andazi). Rangi yake nyekundunyekundu, nani anajali, juu si unabandika fomeka.

Wenye viwanda mtujibu basi, mnakwama wapi?

Fundi, Keko, Dar